Mnara wa Belém usielezwe bila Kilwa

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya safari kuhusu Mnara wa Belém, Lisbon, imesifu nakshi zake tu. Nakshi ni nzuri kweli. Lakini mnara ule ulijengwa kwa ajili ya vita, na mlango wa maji unaoulinda ndio ulioingiza dhahabu ya Kilwa nchini Ureno.

Mfalme Manuel wa Kwanza ndiye aliyeamuru ujengwe. Francisco de Arruda aliusimamisha kati ya 1514 na 1519, juu ya mwamba ndani ya Mto Tejo, karibu na mto unapoingia baharini. Ng'ambo, upande wa Caparica, tayari kulikuwa na ngome nyingine, hivyo meli ya adui iliyojipenyeza katikati ingepigwa kutoka kulia na kushoto. Mnara wenyewe ni mrefu, wa ghorofa kadhaa, wa kutazamia mbali. Mbele yake limetokeza boma pana la pembe sita lenye matundu 17 ya mizinga, na matundu hayo yako chini karibu na maji ili risasi zipite juu juu ya mawimbi na kutoboa ubavu wa meli. Katikati ya boma Arruda aliacha ua usioezekwa, moshi wa baruti upate pa kutokea na wapiga mizinga wasikose hewa. Kwangu mimi, ua huo una akili kuliko kamba na misalaba yote iliyochongwa kwenye jiwe. Vibanda vya walinzi vina kuba za kukumbusha Moroko, ambako Arruda alijenga ngome za Wareno.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala, Amiri Ibrahim, alipe ushuru wa dhahabu. Manuel akaagiza dhahabu hiyo ifuliwe monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kwa ajili ya watawa wa Belém. Ilikamilika 1506. Maandishi yaliyo kwenye chombo hicho yanaitaja Kilwa kwa jina, na chombo kipo hadi leo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, Lisbon. Kabla hakijamalizika, Julai 1505, kamanda wa Ureno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa na kujenga ngome. Mwezi uliofuata akaichoma Mombasa.

UNESCO iliorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, na Mnara wa Belém mwaka 1983. Tafadhali Mhariri, mkiandika tena juu ya mnara huo, itajeni Kilwa. Nawaomba pia waongoza watalii wa Kisiwani wachukue picha ya monstransi ile na kuwaonyesha wageni pale pale mbele ya Gereza, ile ngome kongwe ya Kisiwani, na walimu wa historia waipeleke darasani.

Msomaji wenu,
Kilwa Masoko