Nyumba kama hiyo mnayoipinga ilimrudisha mdogo wangu

Mhariri,

Nimesoma barua ya majirani zangu mliyoichapa wiki iliyopita, wakipinga kufunguliwa katika mtaa wetu kwa nyumba ya upataji nafuu, yaani nyumba ambamo watu waliotoka kwenye tiba ya uraibu huishi pamoja bila kutumia dawa za kulevya. Wengi wa waliotia saini nawafahamu kwa majina, tunasalimiana kila asubuhi, na sitaki barua hii itutie uhasama. Lakini wameandika kwamba waraibu wabaki hukohuko wanakotibiwa mpaka wapone kabisa, ndipo waje kuishi na watu. Hapo nimeshindwa kunyamaza. Nyumbani kwetu tuliamini hivyohivyo, na imani hiyo nusura itupeleke makaburini.

Mdogo wangu alitumia heroini kwa miaka sita. Alipokubali tiba alikaa kituoni siku 90. Arosto, yale maumivu ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, ikampita, mwili ukarudi, hata utani wake wa zamani ukarudi. Siku ya kutoka alikabidhiwa mfuko wa nguo na karatasi ya ruhusa, wala hakuna aliyemuuliza usiku ule angelala wapi. Na sisi hatukuuliza. Tulimrudisha chumbani kwake, kitanda kilekile, dirisha lilelile linalotazama uchochoro alikokuwa akinunua. Tulifagia, tukatandika shuka mpya, tukashukuru. Siku ya sita tulivunja mlango. Midomo ilikuwa imebadilika rangi na pumzi zilikuwa za kuhesabu. Aliokolewa na wahudumu wa gari la wagonjwa waliokuwa na naloksoni, dawa inayoikatiza nguvu ya heroini mwilini ndani ya dakika chache.

Daktari alitueleza baadaye jambo ambalo tulipaswa kuambiwa siku ile ya ruhusa. Anayetumia kila siku mwili wake huzoea, hata kipimo ambacho kingemuua mwingine yeye humtuliza tu. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mazoea hayo humtoka, ila tamaa haimtoki. Siku akiteleza huchukua kipimo chake cha zamani, na kipimo hicho sasa humzimia pumzi. Watafiti waliowafuatilia wafungwa zaidi ya 30,000 walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, walichapisha mwaka 2007 kwamba katika wiki mbili za mwanzo uraiani hatari yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 12 ya ile ya wakazi wengine, na kilichowaua zaidi ni kuzidisha dawa za kulevya. Hao walitoka gerezani, mdogo wangu alitoka kwenye tiba, lakini mwili hautofautishi lango la gereza na lango la kituo.

Ndiyo maana nasema hakuna kupona kabisa kule ndani. Kituoni mtu huamshwa, hulishwa, hufungiwa. Kukaa bila kutumia mahali ambapo mlango uko wazi na mshahara uko mfukoni ni kazi nyingine, nayo hujifunzwa nje, polepole, pamoja na watu wanaoijua.

Baada ya tukio lile mdogo wangu alihamia nyumba ya upataji nafuu, wakiwa wanane. Alikaa miezi 14. Nilipomtembelea mara ya kwanza nilitarajia kukuta wodi. Nilikuta ratiba ya zamu ukutani, nani apike, nani asafishe choo, nani ashike daftari la kodi. Kila jioni walikaa kitako na kila mmoja alisema siku yake ilivyokwenda. Mtu akichelewa kurudi, wenzake walitoka kumtafuta. Hilo la kutafutwa lilimgusa kuliko ushauri wote aliowahi kupewa. Kwa miaka sita waliokuwa wakimtafuta ni wanaomdai. Mwezi wake wa nne humo alipata kazi. Mwezi wake wa tano akachaguliwa mhazini, mtu ambaye sisi tulikuwa tumemfichia pochi zetu.

Utaratibu huu si wa kubahatisha. Mwaka 1975, huko Silver Spring katika jimbo la Maryland, wanaume waliokuwa wakiishi katika nyumba ya mpito iliyokuwa inafungwa waliamua kuikodi wenyewe. Mmoja wao alikuwa Paul Molloy. Wakaiita Oxford House, na kanuni zao zilikuwa chache: nyumba inaendeshwa kwa kura za wakazi, kila mmoja analipa sehemu yake, anayetumia anaondoka, na anayefuata kanuni hapangiwi siku ya kuhama. Mwaka 2006 Leonard Jason na wenzake wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, walichapisha matokeo ya watu 150 waliomaliza tiba wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaingia nyumba hizo na nusu wakapata huduma za kawaida. Miaka miwili baadaye waliokuwa wakitumia ni asilimia 31 upande wa nyumba na asilimia 65 upande mwingine. Majirani zangu wanaotaja usalama wa mtaa wazitazame vizuri namba hizo. Mraibu hafutiki kwa kukataliwa nyumba. Yumo mtaani tayari, na kinachobaki kuamuliwa ni kama atakuwa mtaani huku anatumia au huku anapata nafuu.

Hoja ya kwamba nyumba hizi zipelekwe mbali nayo ni ya zamani. Mji wa Edmonds, Marekani, ulijaribu kuizuia nyumba ya aina hii kwa kanuni inayoweka kikomo cha idadi ya watu wasio na undugu wanaoweza kukaa nyumba moja. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kanuni hiyo haikwepi sheria inayokataza ubaguzi katika makazi. Tena kuipeleka mbali ni kuiondolea maana, kwa sababu wakazi wake wanahitaji kuwa karibu na kazi, kliniki na usafiri.

Sitetei kila nyumba inayojiita ya upataji nafuu. Zipo zinazokusanya kodi na kulundika watu bila usimamizi, na zipo zinazopiga na kufunga minyororo kwa jina la nidhamu. Hizo zifungwe. Zipo pia zinazomkataa mtu anayekunywa methadoni, dawa ya hospitali inayotuliza tamaa ya heroini, kwa madai kwamba bado anatumia. Hili linaniuma sana. Methadoni na buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005, na kumlazimisha mtu aache dawa inayomshikilia ili apate kitanda ni kumrudisha kwenye hatari ileile iliyomkuta mdogo wangu. Hata kanuni ya kumwondoa aliyeteleza, ambayo naielewa kwa sababu inawalinda wengine saba, isitekelezwe kwa kumtoa mtu nje usiku na mfuko wake. Pawe na mahali anapopelekwa, na naloksoni iwepo ndani ya nyumba pamoja na watu wanaojua kuitumia.

Kwa hiyo ninawaomba majirani zangu wabadilishe madai yao. Badala ya kudai nyumba isifunguliwe, tudai kujua nani anaisimamia, wakazi wangapi watakaa, uhusiano wake na kliniki ukoje, na nani tumpigie simu usiku kukiwa na shida. Hayo ni madai ya haki na nitayatia saini pamoja nao.

Mkutano wa mtaa umepangwa Jumamosi. Nitakuwepo, na mdogo wangu ameomba ruhusa kazini ili aje. Amesema atajibu swali lolote, hata lile ambalo mnaona aibu kuuliza.

Jina la mwandishi limehifadhiwa kwa ombi lake