Kutyuni jukwaani si kubabaisha

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vikundi vinavyopiga muziki wa Ulaya wa karne ya 16 hadi ya 18 kwa ala za zama zile imewalaumu wapigaji kwa mawili: kusimama kila mara kutyuni, yaani kurekebisha sauti za ala, na kupiga noti kwa sauti nzito, ya chini kuliko ilivyozoeleka. Mpiga kanuni wa taarabu huhangaika na nyuzi zaidi ya sabini kabla ya bashraf, kipande cha ala kinachofungua onyesho, na hakuna anayemwita mbabaishaji.

Fidla, selo na viola da gamba (ala ya upinde inayoshikwa kati ya miguu) za vikundi hivi hufungwa nyuzi za utumbo wa kondoo. Utumbo hunywa unyevunyevu, na ukivimba au ukikauka, sauti huhama. Ukumbi uliokuwa mtupu alasiri si ule ule saa mbili usiku, watu 300 wakipumua ndani na taa zikiwaka. Gamba ina balaa la ziada: freti zake saba, yaani vizuizi vinavyoonyesha pa kubana uzi, ni vipande vya utumbo vilivyofungwa kwa fundo shingoni, navyo husogea.

Kuhusu sauti ya chini, muziki wa Baroko, yaani wa Ulaya wa karne ya 17 na nusu ya kwanza ya karne ya 18, siku hizi hupigwa kwa noti ya A ya hezi 415 (mitetemo 415 kwa sekunde), nusu toni chini ya 440 iliyozoeleka leo. Hayo ni makubaliano ya karne ya 20, kwani zamani kila mji ulikuwa na A yake. Kwa muziki wa Ufaransa wengi hushuka hadi 392, na kwa ule wa Venice hupanda hadi 466. Kosa la wenyeji ni kuwaandalia wageni piano ya 440 wakidhani wamewasaidia. Filimbi na obo zimechongwa kwa urefu wa 415, hazina pa kupandia. Fidla nayo ikivutwa nusu toni, uzi wa E huweza kukatika. Afadhali kibodi ya umeme yenye kitufe cha kushusha nusu toni, ingawa haipendezi.

Kazi kubwa hasa iko kwenye harpsikodi, ala ya kibodi inayofanana na piano lakini nyuzi zake hudonolewa. Yenye oktavu tano na seti mbili za nyuzi ina nyuzi 122. Kwa mpangilio wa Vallotti, mwanamuziki wa Italia wa karne ya 18, fundi huanza na seti moja, oktavu ya katikati. Akishapata A, hushuka kwa kwinti, yaani kwa hatua ya noti tano: D, G, C, F. Kisha hurudi kwenye A na kupanda E, halafu B. Kwinti hizo sita hupunguzwa kidogo, senti 4 hivi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni), mpaka lisikike wimbi la polepole, yaani sauti inayopanda na kushuka nguvu, moja au mawili kwa sekunde. Zilizobaki huachwa safi bila wimbi: kutoka F kwenda Bb, Eb na Ab, kutoka B kwenda F# na C# (b ni nusu toni chini, # ni nusu toni juu). Mtihani ni C# na Ab: zikilia safi pamoja, kazi imekaa sawa. Zikitoa mawimbi, mara nyingi kosa liko katika zile sita za mwanzo, na dawa ni kuanza upya, si kuibana noti ya mwisho. Ndipo oktavu nyingine hufuata, halafu seti ya pili. Ufunguo wa kutyunia huzungushwa kidogo sana. Uzi ukipita kiasi hushushwa hadi chini ya sauti inayotakiwa, kisha hupandishwa taratibu.

Wapiga udi watafurahi kujua kwamba harpsikodi nayo hupigwa kwa risha, tena zamani ilikuwa unyoya wa ndege kwelikweli. Siku hizi wengi hutumia plastiki. Risha hiyo hukaa kwenye kijiti kinachorukaruka ndani ya tundu kila kidole kinapogusa. Unyevu ukizidi, mbao huvimba, kijiti hukwama, na noti hunyamaza au huendelea kulia mpigaji akishaachia.

Kwa hiyo anayewaalika awape ukumbi saa nne au tano kabla ya onyesho, harpsikodi ikae mahali pake, mbali na mlango na mbali na mkondo wa kiyoyozi. Taa za jukwaa na kiyoyozi viwashwe kabla ya fundi kuanza, si baada. Watu wasipige soga wala kuburuta viti wakati huo, maana wimbi moja kwa sekunde halisikiki kwenye kelele. Na mapumziko yasipungue dakika 20, kwani fundi atazihitaji zote.

Msomaji,
Unguja