Barua ya wazi kwa Shangazi: Susan, Lucy na miaka 20 ya kununiana

Shikamoo Shangazi,

Nimesikia kwamba tangu kikoba chenu kigawanyike, wewe na yule mwenzako mliyekianzisha naye hampeani hata salamu. Nimesikia pia kwamba mabinti zenu wameanza kutafuta suluhu, na kwamba wewe umeshasema: hakuna kikao mpaka aombe radhi kwanza. Siandiki kukuamulia, nani mimi? Ila nina habari ya wanawake wa Marekani waliogombana vibaya kuliko nyinyi, wakapatana bila mtu kuomba radhi. Ina sehemu ya pili ambayo wasimuliaji wengi huiruka, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Elizabeth Cady Stanton, Susan B. Anthony na Lucy Stone walikuwa kitu kimoja. Walipinga utumwa, wakadai mwanamke apige kura. Mwaka 1866, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, walikuwa pamoja na Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akatoroka, katika chama kimoja cha kudai haki za watu weusi na za wanawake kwa pamoja. Chama hicho kilidumu miaka mitatu tu.

Wewe ni mweka hazina, kwa hiyo nianze na fedha. Mwaka 1867 wapiga kura wa jimbo la Kansas waliulizwa mambo mawili: watu weusi wapige kura? Wanawake je? Wakayakataa yote mawili. Katika kampeni hiyo Susan na Elizabeth walipanda jukwaa moja na George Francis Train, tajiri aliyewadhalilisha weusi hadharani, na fedha zake ndizo zilizowaanzishia gazeti lao, The Revolution, Januari 1868. Lucy hilo halikumpita kooni. (Gazeti lenyewe liliishia kumwachia Susan deni la dola 10,000, akalilipa kwa miaka kadhaa kwa kuzunguka akitoa mihadhara. Hapo namheshimu.)

Kisha yakaja Marekebisho ya 15 ya Katiba: mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Jinsia haikutajwa. Yaani mwanamume mweusi apate, wanawake wote wangoje. Mei 1869, katika ukumbi wa Steinway jijini New York, mambo yakalipuka. Douglass alisema kwa watu wake kura ni suala la kufa na kupona, kwa maana wao ndio wanaoburutwa kutoka majumbani na kunyongwa kwenye nguzo za taa. Mtu akauliza, je, hayo hayampati mwanamke mweusi? Akajibu: ndiyo, ndiyo, ndiyo, lakini si kwa kuwa ni mwanamke, ni kwa kuwa ni mweusi. Susan na Elizabeth wakashikilia kwamba kama lazima kura itolewe kwa mafungu, watangulie wanawake wenye elimu. Elizabeth aliwahi kuandika maneno kuhusu wanaume weusi na wahamiaji ambayo siwezi kuyarudia kwenye barua ya kukuandikia wewe. Lucy alisema atashukuru moyoni mwake mtu yeyote akitoka kwenye shimo lile la kutisha la kunyimwa kura, hata wanawake wakibaki nyuma.

Basi, siku chache baadaye Susan na Elizabeth wakaunda chama chao. Novemba, Lucy na mumewe Henry Blackwell wakaunda chao huko Cleveland. Wale wakitaka Katiba ya nchi ibadilishwe, hawa wakienda jimbo kwa jimbo. Ukiniuliza mimi, tofauti ya mbinu isingewatenga miaka 20. Kilichouma ni maneno. Susan na wenzake walipoandika historia ya harakati, Lucy alikataa kuwasaidia, na sura ya chama chake ikaandikwa na Harriot, binti wa Elizabeth!

Waliowarudisha pamoja ni kizazi cha mabinti. Alice Stone Blackwell, binti wa Lucy, hakurithi kinyongo cha mama yake. Mazungumzo yalianza 1887, na Februari 1890 vyama vikaungana mjini Washington. Vyeo viligawanywa kwa akili: Elizabeth rais, Susan makamu wake, Lucy mwenyekiti wa kamati ya utendaji. Lucy alikuwa mgonjwa, hakufika. Alifariki 1893. Kuombana radhi sijakuona popote. Walikubaliana kazi, yaliyopita wakayaacha yalipo.

Sasa ile sehemu ya pili. Katika ukumbi wa Steinway alikuwepo Frances Ellen Watkins Harper, mshairi, mwanamke mweusi. Alisema wanawake weupe wote wanatanguliza jinsia na rangi wanaiweka nyuma. Yeye, likija suala la rangi, la jinsia atalingojesha. Muungano wa 1890 ulizika ugomvi wa weupe kwa weupe. Mwanzoni mwa 1895 mkutano wao ulifanyika Atlanta, kusini, na Susan akamwomba Douglass, rafiki yake wa miaka mingi, asije. Alimweleza Ida B. Wells, mwandishi wa habari mweusi, kwamba hakutaka kumwaibisha mzee, wala kuwafukuza wanawake weupe wa kusini. Wiki chache baadaye Douglass alifariki, na Susan akawa miongoni mwa waliozungumza mazishini.

Mwaka 1896 wanawake weusi waliunda chama chao cha kitaifa, rais wake wa kwanza akiwa Mary Church Terrell. Harper alikuwa miongoni mwa waanzilishi.

Radhi waweza kuacha kuidai, Shangazi, au uendelee kuidai, hilo ni lako. Mimi nauliza kuhusu wale wamama wauza mboga walionyimwa mkopo na pande zote mbili, wakatoka kimyakimya. Kwenye hicho kikao cha mabinti, kuna aliyewaita?

Mwanao,
wa kaka yako mdogo