Mchezo wa bendera za meli usiishie kwenye herufi

Mheshimiwa Mhariri,

Vijana wa Bukavu na Goma wanaotamani kazi ya ubaharia wameanza kujifunza bendera za ishara kwa michezo ya kompyuta na ya simu. Ni jambo jema na tunaliunga mkono. Ila michezo mingi inafundisha nusu ya kazi: inaonyesha picha ya bendera, inaweka herufi nne chini yake, ukibonyeza iliyo sahihi unapata alama. Kijana anatoka hapo akijua kwamba bendera iliyokatwa mshazari, nyekundu na njano, ni O. Kwamba O maana yake ni mtu ametumbukia majini, mchezo haukumwambia. Na kwa herufi nne za kuchagua, hata anayebahatisha atapata moja katika kila nne.

Bendera hizi ni za Kanuni ya Kimataifa ya Ishara. Toleo linalotumika lilipitishwa mwaka 1965 na kuanza kazi tarehe 1 Aprili 1969, katika lugha tisa, Kifaransa kikiwemo. Seti kamili ni bendera 40: 26 za herufi, 10 za tarakimu, 3 za kurudia na 1 ya kujibu. Rangi ni tano tu: nyekundu, buluu, njano, nyeusi na nyeupe.

Tunashauri mwanafunzi asianze na A na kushuka hadi Z. Aanze na zinazogusa uhai: O; V, ninahitaji msaada; W, ninahitaji msaada wa daktari; F, chombo changu kimeharibika, wasiliana nami; U, unaelekea kwenye hatari; L, simamisha chombo chako mara moja; A, nina mzamiaji majini, kaa mbali na upunguze mwendo; B, nimebeba, ninapakia au ninapakua shehena ya hatari. Baadaye aongeze C, yaani ndiyo, na N, yaani hapana. Hapo mchezo umpe jaribio ambalo wengi hulikosa: N ikiwa juu na C chini yake, kwenye kamba moja, si "hapana, ndiyo". Ni chombo kilicho taabani kinachoomba kuokolewa. Bendera za kamba moja husomwa kutoka juu kwenda chini, na mchezo unaoonyesha bendera mojamoja hauwezi kufundisha hilo.

Kosa jingine ni la picha yenyewe. Kwenye kioo cha kompyuta mlingoti huwa kushoto daima. Ziwani bendera unaweza kuiona kutoka upande wa pili. K ina njano upande wa mlingoti na buluu upande wa nje. Ukiitazama kwa nyuma, buluu inakuja kushoto. Aliyezoea picha moja anasita. Kwa hiyo mwalimu achague mchezo unaogeuza picha, au azigeuze mwenyewe kwa programu yoyote ya kuchora. Tena azipunguze hadi ziwe ndogo kama ukucha, kwa sababu ndivyo bendera inavyoonekana ikiwa mbali, hasa asubuhi ukungu unapotanda Kivu.

Umbo nalo lisisahaulike. T na tarakimu 3 zote zina nyekundu, nyeupe na buluu kwa wima kuanzia mlingotini. K na tarakimu 5 zote ni njano na buluu. Kinachozitenganisha ni kwamba bendera za tarakimu ni ndefu na zinapungua upana kuelekea nje. Kwetu T ina mtego wa ziada, kwa kuwa macho yamezoea bendera ya Ufaransa, ambayo huanza na buluu. P na S pia huchanganywa sana: P ni ya buluu yenye mraba mweupe katikati, S ni nyeupe yenye mraba wa buluu. P bandarini inawaita watu wote warudi chomboni kwa sababu safari imekaribia. S inasema injini inasukuma chombo kinyumenyume.

Bendera za kurudia ndizo zinazoangusha hata watengenezaji wa michezo. Zipo kwa sababu seti ina bendera moja tu ya kila aina. Ukitaka kupandisha T1330, yaani saa 13:30 kwa saa za mahali pale, unafunga T, 1, 3, bendera ya kurudia ya pili (inayorudia bendera ya pili kutoka juu ya kundi lake, yaani 3), kisha 0. Ni ya pili, si ya tatu, kwa kuwa hesabu inafanywa ndani ya kundi la tarakimu peke yake, T haihesabiwi. Tunapotaka kujua kama mchezo ni wa kuaminika, tunaujaribu kwa mfano huu kwanza.

Mwalimu akague pia maana zinatoka wapi. Mashindano ya mashua za tanga na majeshi ya majini yana maana zao kwa bendera hizihizi. Na Q, ya njano tupu, ingali inafundishwa na baadhi ya watu kama bendera ya ugonjwa. Katika Kanuni ya sasa inasema kinyume chake: chombo changu hakina ugonjwa, naomba ruhusa ya afya ya kuingia.

Shule isiyo na mchezo mzuri inaweza kuutengeneza kwa Scratch, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti ikishawekwa. Bendera ni mistari, miraba na pembetatu, kwa hiyo wanafunzi wanazichora wenyewe. Kompyuta moja inatosha wawili: mmoja anasoma tukio kwa Kiswahili, kwa mfano "nanga yangu inaburuzika", mwenzake anapandisha Y. Bendera tano kwa kipindi, dakika kumi, na mpya zisiongezwe mpaka zile tano zijibiwe bila kusita. Baada ya hapo washone za kitambaa na kuzisoma wakiwa ufukweni, maana kompyuta haina upepo uliokufa wala bendera iliyojikunja kwenye kamba.

Tunajua msomaji atauliza haya yana faida gani kwenye ziwa ambalo boti nyingi hazina hata bendera moja. Boti lililopinduka mbele ya Kituku, Goma, tarehe 3 Oktoba 2024, lisingeokolewa na bendera. Kwanza ni idadi ya abiria na jileti za kuokolea. Lakini vijana hawa wataomba kazi Kalemie, Matadi, Mombasa na Dar es Salaam, na huko kutojua B imepandishwa kwa ajili gani ni kuhatarisha watu.

Ombi letu kwako, Mhariri: chapisha bendera zote 40 kwa rangi, ukurasa mmoja, maana zikiwa kwa Kiswahili, shule zibandike ukutani. Mchapaji asiikoleze buluu. Ikikaribia nyeusi, Z, inayoomba boti ya kukokota na yenye rangi zote mbili, haitasomeka.

Wakufunzi wa ubaharia,
Bukavu