Shukrani kwa mzee wa kituo cha mafuta

Mzee wangu uliyenikuta Columbus, Ohio, nikitia mafuta, gari bovu likiwa kwenye trela nyuma yangu: asante sana. Hata jina sikukuuliza. Nilijua nimenunua Ford Fairlane ya kawaida ya 1964, mabati yake niuze chuma chakavu. Wewe ukainama, ukapitisha kidole kwenye matundu ya taa mbili za ndani, kwenye wavu ulioliwa na kutu, ukasema hapa hapakuwa na taa, hapa injini ilivuta hewa. Ukafungua buti, ukanionyesha pa kuwekea betri. Kumbe ni Thunderbolt, Fairlane maalumu ya mbio! Zilitengenezwa 100 tu, injini ya inchi za ujazo 427, kwa mashindano ya robo maili. Boneti yake ya faiba sasa nimeifunika blanketi. Mungu akuzidishie umri, mzee wangu.