Barua ya Malalamiko: Skrini Yenu Ilisema Malipo Yameshindikana, Benki Ilikuwa Imeshayakubali

Kwa: Mkuu wa Huduma kwa Wateja
Nakala: Kitengo cha Programu

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UJUMBE WA "MALIPO YAMESHINDIKANA" KWENYE PROGRAMU YENU YA KUPOKEA KADI KWA SIMU

Mimi ni fundi wa mashine za kufulia na majokofu. Kazi yangu ni ya kugonga milango: naitwa, nakwenda na mkoba wangu, natengeneza, nalipwa palepale, naondoka. Nilijiunga nanyi kwa sababu moja tu. Mkoba wangu tayari ni mzito, nanyi mliniahidi kwamba sitahitaji kubeba mashine ya kadi, simu niliyo nayo mfukoni inatosha. Mteja anagusisha kadi nyuma ya simu, inalia, biashara imekwisha. Na kusema kweli, kwa muda mrefu ilikuwa hivyo. Pesa zilifika siku mliyosema zitafika, makato yalikuwa yaleyale mliyoyaandika. Sina ugomvi na hayo.

Ugomvi wangu ni juu ya neno moja mnaloliandika kwenye skrini.

Mwezi uliopita nilibadilisha pampu ya kutolea maji kwenye mashine ya mama mmoja mtu mzima. Kazi ilipoisha nikaingiza kiasi, akagusisha kadi, simu ikalia, ikaomba namba ya siri. Hapo tu tulitumia muda, maana programu yenu huchanganya tarakimu: 1 haiko mahali pa 1, 5 haiko katikati. Naelewa kwa nini mnafanya hivyo, ni ili anayechungulia kwa pembeni asisome mwendo wa kidole. Lakini yule mama namba yake haijui kwa kichwa, anaijua kwa kidole. Kwenye mashine za kawaida kidole hupapasa kile kinundu kidogo kilicho juu ya 5, kisha kinakwenda chenyewe. Kioo cha simu hakina kinundu. Ikabidi ashushe miwani kutoka kichwani, atafute tarakimu mojamoja huku akizitaja kwa sauti ya chini, nami nimegeukia ukuta nisisikie. (Hilo nalo ni lalamiko, ila silo lililoniandikisha barua leo.)

Akamaliza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, mpaka tukaishiwa la kuzungumza. Kisha maandishi mekundu: "Malipo yameshindikana. Jaribu tena."

Tukajaribu tena. Kwa nini tusijaribu, na ninyi wenyewe mmetuambia yameshindikana? Akagusisha, akazitafuta tarakimu upya kwa kuwa zilikuwa zimehama tena, na safari hii ikakubali kwa sekunde mbili. Nikamtumia risiti. Nilikuwa nafunga zipu ya mkoba aliponionyesha simu yake: meseji mbili za benki, kiasi kilekile, zimepishana dakika tatu.

"Fundi," akasema, "mbona umenichukua mara mbili?"

Hakusema programu imenichukua. Alisema umenichukua. Yeye ana ushahidi wa benki mkononi, mimi nina skrini yenu inayodai malipo ya kwanza hayapo kabisa. Ninyi hamkuwepo pale. Niliyekuwepo ni mimi, na simu iliyogusishwa ni yangu.

Nimeshika saketi kwa miaka mingi na jambo lisiloeleweka halinipi usingizi, kwa hiyo usiku ule nilikaa kutafuta kilichotokea. Nitaeleza nilivyoelewa. Kama nimekosea mnisahihishe, ila mnisahihishe kwa maandishi.

Simu yangu inatuma ombi kwenu, ninyi mnalipeleka kwa benki mnayofanya nayo kazi, linapita kwenye mtandao wa kadi, linafika benki ya mteja. Benki ya mteja inakubali, inatenga pesa, jibu linarudi kwa njia ileile. Siku ile ombi lilifika na likakubaliwa, maana meseji ya kwanza ya benki haikujituma yenyewe. Kilichopotea ni jibu, wakati wa kurudi. Pengine kwenye intaneti ya simu yangu, pengine kwenu. Programu ikangoja mpaka muda wake ukaisha. Sasa, kwa dakika ile, ukweli haukuwa "yameshindikana". Ukweli ulikuwa "sijui". Yapo malipo yaliyokubaliwa, yapo yaliyokataliwa, na yapo ambayo jibu lake halijafika. Ninyi mna rangi mbili tu, kijani na nyekundu. Haya ya tatu mmeyatupia kwenye nyekundu, halafu chini yake mkaweka kitufe kikubwa cha "Jaribu tena".

Kitufe hicho ndicho kilichoniponza. Kadi ya chipu, kila inapogusishwa, hutoa msimbo wa mara moja, na ndani ya chipu kuna kihesabio kinachopanda kwa kila muamala. Ni ulinzi mzuri, ndio unaomzuia mwizi kunasa mguso mmoja akautumia tena kesho. Lakini maana yake ni kwamba yule mama alipogusisha mara ya pili, benki yake haikuona ombi lilelile limerudiwa. Iliona malipo mawili mbalimbali, kila moja na msimbo wake halali na namba ya siri sahihi. Ingeyakataa kwa sababu gani? Wa kujua kwamba haya ni mauzo mamoja mlikuwa ninyi peke yenu, kwa kuwa ninyi ndio mliokuwa na ombi la kwanza mikononi. Kabla ya kuniruhusu nigusishe tena, programu ilipaswa kuuliza seva zenu: lile la kwanza limeishia wapi?

Na hili si jambo la jana. ISO 8583, kiwango cha ujumbe wa kadi kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, kina ujumbe maalumu wa kubatilisha ombi ambalo jibu lake halikuonekana. Mashine za kadi, zile za vitufe na karatasi, jibu likipotea huweka ubatilisho kwenye kumbukumbu na kuutuma kabla ya kuanza muamala mwingine. Kama ninyi mliutuma, benki ya yule mama haikuuona kwa siku nane. Mashine niliyoikwepa kwa uzito wake ingenilindia jina langu.

Nije kwenye majibu yenu, maana hayo yameniudhi kuliko kosa lenyewe. Nimewaandikia mara tatu kupitia kisanduku cha mazungumzo, na mara zote tatu shauri lilifungwa kwa maneno "limetatuliwa".

Mara ya kwanza mliniambia niondoe kava la simu, kwa sababu kava nene au lenye sumaku huzuia kadi isisomwe. Ni kweli. Mawimbi ya NFC, yale yanayounganisha kadi na simu bila waya, hufika sentimita chache tu, kama nne hivi, na yeyote anayetumia programu hii keshajua antena ya simu yake imejificha wapi. Lakini kama kadi haikusomwa, ile namba ya siri iliombwa ya kadi ipi?

Mara ya pili mkaniambia nihakikishe simu yangu haijavunjwa ulinzi na chaguo za wasanidi, ile mipangilio ya watengeneza programu, zimezimwa. Programu yenu haipokei malipo hata kidogo kwenye simu ya namna hiyo, na dakika tatu baadaye ilikuwa inapokea.

Mara ya tatu mkanijibu kwamba programu imethibitishwa kwa kiwango cha PCI MPoC. Nikakitafuta hicho nacho. Kilitolewa Novemba 2022, kikaweka pamoja yale yaliyokuwa yakishughulikiwa mbalimbali na kiwango cha 2018 cha kuingiza namba ya siri kwenye simu na kile cha 2019 cha kadi za kugusisha. Kazi yake ni kulinda data ya kadi na namba ya siri ndani ya simu ya kawaida, simu ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya malipo. Nashukuru kinafanya hivyo. Ila sikulalamika kwamba namba ya mama imeibwa. Nimewaambia saa imesimama, mnanijibu kufuli ni imara.

Mwishowe nikapiga simu. Nilingoja dakika arobaini, nikampata mtu, na nikiri kwamba alikuwa na adabu. Akatazama orodha yangu ya miamala, akasema: "Naona malipo mamoja tu yaliyofanikiwa. Kama mteja amekatwa mara mbili, mrudishie hayo yaliyofanikiwa." Nikamuuliza, hayo si ndiyo yangu halali? Akasema, kwa sasa mridhishe mteja, yale mengine yatajipa. Nikabonyeza "Rejesha malipo" hapohapo, yeye akiwa bado kwenye laini.

Mtu yeyote anayejua tofauti ya pesa zilizotengwa na pesa zilizokwisha kuhamishwa angenizuia. Malipo ya kwanza benki ilikuwa imeyatenga tu. Kwa kuwa kwenu yalihesabiwa kuwa yameshindikana, hakuna aliyekuja kuyadai, na pesa zisipodaiwa benki huziachia. Siku ya nane zikaachiwa. Yale ya pili nilikuwa nimeshayarejesha kwa ushauri wenu. Kwa hiyo mteja akarudishiwa yote mawili, mimi nikabaki na pampu mbovu niliyoing'oa.

Alinipigia mwenyewe. "Fundi, pesa zote zimerudi. Kwani kazi ilikuwa sadaka?"

Nina bahati ya mteja mwaminifu. Alinilipa taslimu, na akaniambia kwa upole kwamba kadi yake haitagusa simu yangu tena. Yeye amenisamehe. Ila jirani yake, aliyekuwa ameniomba nikaangalie jokofu, hajapiga simu mpaka leo, na sina haja ya kuuliza kwa nini.

Juu ya hayo, makato ya muamala ule nililipa mimi. Masharti yenu yanasema makato hayarudishwi malipo yanaporejeshwa. Nimeyasoma, yapo, sibishi. Nabisha kwamba nilirejesha kwa maelekezo ya mtu wenu, aliyekuwa akitazama skrini yenu, ambayo haikuwa ikisema kweli.

Ninachotaka ni hiki. Kwanza makato yale yarudi kwenye akaunti yangu. Ni kiasi kidogo, mtaona ni aibu kubishania, nami naona ni aibu zaidi kuyashikilia.

Pili, na hili ndilo kubwa, jibu lisipofika skrini iseme hivyo: "Bado hatujapata jibu la benki. Usigusishe tena." Kitufe cha "Jaribu tena" kisitokee mpaka seva zenu zijue hatima ya ombi la kwanza au ubatilisho wake uwe umepokelewa. Mkihofia mfanyabiashara atakereka kwa kungojeshwa, niulizeni mimi kipi kinakera zaidi. Na kila ombi, hata lile lisilofaulu, lionyeshe namba ya kumbukumbu ambayo mteja anaweza kuipeleka benki kwake. Siku ile alipopiga simu benki aliulizwa namba hiyo, nikatafuta kwenye programu, kwenye malipo "yaliyoshindikana" palikuwa na mstari mtupu. Mtu hawezi kufuatilia pesa kwa kutaja saa na rangi ya maandishi.

Tatu, wafundisheni wanaopokea simu wasimshauri mtu kurejesha malipo kabla ya kuuliza upande wa benki. Na wekeni namna ya kuzipanga tarakimu kwa mpangilio wa kawaida kwa mteja anayehitaji. Wanaojua namba zao kwa kidole ni wengi, na wasioona ndio wanaoumia zaidi.

Naambatanisha orodha ya miamala ya siku ile, risiti ya marejesho, na picha ya meseji mbili za benki ambayo mteja ameniruhusu niitume baada ya kufunika namba za akaunti yake. Muda na siku ya simu niliyopiga vimo pia; mnasema simu hurekodiwa, basi isikilizeni. Naomba jibu la maandishi ndani ya siku kumi na nne, kutoka kwa mtu mwenye jina. Zikipita bila jibu, nitapeleka mafaili haya yaleyale kwa mamlaka inayosimamia huduma za malipo.

Kwa sasa bado natumia programu yenu, kwa kuwa wateja wengi hawatembei na pesa taslimu. Ila tangu siku ile nimekuwa na utaratibu wangu. Ikitokea nyekundu, naweka simu chini, namwomba mteja afungue meseji zake, tunasimama mlangoni tukingoja dakika tano. Mara mbili tangu wakati huo meseji imeingia huku skrini yenu ikisisitiza kwamba yameshindikana. Tarehe na saa za mara hizo mbili nimeziandika kwenye kiambatisho cha mwisho.

Wenu,
Fundi na mteja wenu
(Namba ya akaunti yangu ya biashara iko juu ya kila kiambatisho)