Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kwa Nini Spika za Honi Zimebaki

Waheshimiwa wanachama, Assalaam aleikum.

Shughuli za kawaida mnazijua. Vikao vya Alhamisi vya kusikiliza santuri viliendelea isipokuwa Ramadhani, santuri zilisafishwa, na amplifaya iliyoungua imetengenezwa. Tuko wanachama 34. Waliolipa ada yote ni 12, nusu 7, na 15 hawajatoa hata senti. Ada iliyokusanywa ni Sh 46,500, matumizi Sh 58,900. Pengo nimelifunika mimi, na risiti ziko kwa mweka hazina.

Sasa lile jambo lililoleta maneno mabarazani: kutouzwa kwa spika zetu za honi, zile zenye mdomo mpana kama tarumbeta. Mwenzetu mmoja alileta maiki ya kupimia, akaiweka pale kwenye mito ya kuegemea, na grafu ikaonyesha kilima kikubwa, yaani sauti iliyozidi, karibu na hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde, besi nzito). Kahawa haijaisha, watu wameshaanza kutaja bei ya kuziuza. Kipimo kilikuwa sahihi, na sikipingi hadi leo. Ninalopinga ni spika kubebeshwa kosa la chumba. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu ya urefu wa boriti. Hiki cha chama kina upana wa mita 2.8 hivi, na wimbi la hezi 61 ni refu mara mbili ya hapo. Kuta za mawe hazitikisiki, basi wimbi hilo husimama na kujazana ukutani, hapo hapo tunapoegemea. Spika yoyote tutakayonunua italikuta. Nilipovuta mikeka kuelekea katikati, kilima kilishuka, na aliyepima alishuhudia.

Hoja ya pili ilikuwa nzito, na naiheshimu. Utafiti wa Floyd Toole kule Kanada ulionyesha kuwa wasikilizaji wasioiona spika huelekea kupenda zile zenye mwitiko ulionyooka, yaani zinazotoa sauti nene na nyembamba kwa nguvu sawa. Ni kweli. Lakini spika zile zilipimwa katika chumba kisicho na mwangwi, kutoka pande nyingi, wala si kwa maiki moja juu ya mto. Mstari ukinyooshwa kwa nguvu pale tunapokaa, sauti huwa kali na nyembamba. Masikio ya wengi hupenda uteremke taratibu kutoka besi kwenda juu.

Ndiyo maana nilitundika pazia ili spika zisionekane, na kusawazisha ukubwa wa sauti. Honi hutoa zaidi ya desibeli 100 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 ya umeme, spika za kawaida 87 hivi, na inayolia zaidi huonekana tamu zaidi hata kama si bora. Tukapiga udi wa Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarabu mzaliwa wa hapa hapa Lamu. Waliohudhuria ni 9. Sita walichagua honi zilizopunguzwa kilima tu kwa ikwalaiza (kifaa cha kupunguza au kuongeza sehemu za sauti, niliyoitoa nyumbani kwangu), wawili zilizonyooshwa kabisa, mmoja spika ndogo tulizoazima. Mimi sikupiga kura. Aliyekaa pembeni hupungukiwa na sauti za juu, hilo nakubali, lakini pigo la kwanza la udi hutoka zima, kwa kuwa kiwambo cha honi, utando unaotoa sauti, husogea kidogo mno. Na sauti humwelekea msikilizaji badala ya kumwagikia kuta za chokaa. Katika chumba chembamba, faida hiyo ni kubwa.

Wanaosema niliamua peke yangu wakumbuke kuwa tangazo lilibandikwa wiki mbili kabla, na kamati ilitia saini. Inaniuma kwamba waliolalamika zaidi hawakufika usiku ule, na wengi wao wamo katika wale 15. Chama hiki nakipenda. Siwezi kukisikilizia peke yangu.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuweka mazulia mazito, kupima tena katika viti vyote, na kuwavuta vijana. Huenda pia tukapata amplifaya nyingine ikiwa hali itaruhusu. Madeni ya ada yapokelewe na mweka hazina kabla ya kikao cha kwanza.